Mafuta Yale Yale, Vipimo Viwili: Uchambuzi wa Mgogoro wa Denmark na Ujerumani Kuhusu Harufu ya Nguruwe Dume

Mwaka 1993 Ujerumani iliziarifu mamlaka za mifugo za nchi wanachama wenzake wa Jumuiya ya Ulaya kwamba mzoga wa nguruwe dume asiyehasiwa ungehesabiwa kuwa na harufu kali ya dume endapo mafuta yake yangekutwa na zaidi ya maikrogramu 0.5 za androstenoni, steroidi inayotoka kwenye korodani, katika kila gramu. Uzito wa mzoga haukuzingatiwa. Uliovuka kiwango hicho ulipaswa kutiwa alama maalumu na nyama yake kupitishwa kwenye joto la kiwandani, kwa hiyo usingeweza kuuzwa ukiwa nyama mbichi. Wakati huo Denmark, ambayo ilitegemea mno soko la Ujerumani, ilikuwa imekwisha kuweka machinjioni mitambo iliyopima kemikali nyingine kabisa, yaani skatoli, inayotoka utumboni, na kuzuia kila mzoga uliozidi maikrogramu 0.25 kwa gramu. Mnyama alikuwa mmoja na kipande cha mafuta kilikuwa kimoja, lakini mzoga ulioruhusiwa upande mmoja wa mpaka uliweza kukataliwa upande wa pili, na kila upande ukawa na ushahidi wa maabara mkononi.

Tume ya Ulaya iliishtaki Ujerumani, na shauri hilo, namba C-102/96, likaamuliwa na Mahakama ya Haki ya Ulaya mwaka 1998. Ujerumani ilishindwa. Hata hivyo, Mahakama ilijibu swali la sheria: je, nchi inayopokea bidhaa ina mamlaka ya kuweka kipimo chake juu ya ukaguzi uliokwisha kufanywa nchi ilikotoka? Swali la kibaiolojia, kwamba inakuwaje dume mmoja awe safi kwa kipimo hiki na mchafu kwa kile, halikuhitajika ili kutoa hukumu. Kwangu mimi ndilo lenye uzito zaidi, kwa sababu bila jibu lake mtu anaweza kudhani kwamba upande mmoja ulikuwa na sayansi na mwingine ulikuwa na hila za kibiashara. Pande zote mbili zilikuwa na sayansi, ila kila upande ulishika nusu yake.

Sheria iliyoacha pengo

Agizo la Ulaya namba 64/433 kuhusu nyama mbichi, baada ya kurekebishwa mwaka 1991, lilisema mambo mawili. Kwanza, nyama yenye harufu kali ya kijinsia haifai kuliwa na binadamu. Pili, mzoga wa dume asiyehasiwa unaozidi kilo 80 sharti utiwe alama na kupitishwa kwenye joto, isipokuwa kama machinjio yanaweza kuhakikisha, kwa njia inayotambuliwa, kwamba mizoga yenye harufu hiyo inagundulika. Pale ambapo hapakuwa na njia iliyotambuliwa na Jumuiya nzima, mamlaka ya nchi husika iliachiwa kutambua njia yake. Agizo halikutaja kemikali yoyote wala halikuweka tarakimu. Denmark ikaingia kwenye pengo hilo na skatoli. Ujerumani ikaingia na androstenoni, kwa kutumia kipimo cha kingamwili kilichoboreshwa kutokana na kazi ya mtafiti, Profesa Claus.

Kemikali zote mbili zilikuwa na historia ya kuheshimika. Mwaka 1944 Prelog na Ruzicka walitenga kutoka kwenye korodani za nguruwe steroidi zenye harufu ya miski. Mwaka 1968 Patterson alionyesha kwamba androstenoni imo kwenye mafuta ya dume na kwamba inahusika na harufu inayolalamikiwa. Miaka miwili baadaye, watafiti wa Norway na wa Uholanzi, kila kundi kwa upande wake, waliitaja skatoli. Androstenoni hunuka kama mkojo au jasho, na skatoli hunuka kinyesi. Zote huyeyuka katika mafuta na kujificha humo, na hujitokeza hasa nyama inapopata moto, ndiyo maana mnunuzi anaweza kuichagua nyama yake buchani bila shaka yoyote, kisha akaikataa inapokuwa jikoni.

Korodani na kimeng'enya chenye njia mbili

Androstenoni hutengenezwa na seli za Leydig ndani ya korodani, zile zile zinazotengeneza testosteroni. Malighafi ni pregnenoloni, ambayo nayo hutokana na kolesteroli. Hapo ndipo panapotokea njia panda ambayo, kwa maoni yangu, ni kiini cha suala zima upande wa homoni. Kimeng'enya kimoja, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali, kiitwacho CYP17A1, kinaweza kuipeleka pregnenoloni kwenye njia ya androjeni (homoni za kiume), yaani kuelekea testosteroni, au kwenye njia ya steroidi za kundi la 16-androsteni, kuelekea androstenoni. Msaidizi anayeivuta kazi kuelekea upande wa pili ni protini ndogo iitwayo saitokromu b5, inayotokana na jeni ya CYB5A. Ikiwepo kwa wingi katika korodani, pregnenoloni nyingi zaidi hugeuzwa kuwa androstadienoli, kisha vimeng'enya vingine viwili huikamilisha ikawa androstenoni.

Kwa hiyo madume wawili wenye ukubwa mmoja wa korodani na umri mmoja wanaweza kutofautiana sana kwa sababu tu jeni ya CYB5A husomwa kwa wingi katika mmoja na kwa uchache katika mwenziwe. Mabadiliko ya herufi moja ya DNA, yaliyo kabla tu ya mahali protini hii inapoanza kusomwa, yamehusishwa na kiwango kidogo cha androstenoni katika mafuta. Mwaka 2007 watafiti wa Norway walilinganisha jeni zinazofanya kazi katika korodani za madume wenye androstenoni nyingi sana na wale wenye kidogo sana, wa koo (aina za nguruwe wa kufugwa) za Duroc na Landrace, na miongoni mwa zilizojitokeza kwa nguvu katika kundi la juu zilikuwamo CYP17A1 na CYB5A.

Kutengenezwa si mwisho wa habari. Ndani ya korodani hizo hizo kimo kimeng'enya cha SULT2A1, ambacho huzifungia steroidi hizi kipande cha salfeti. Steroidi iliyofungwa hivyo huyeyuka katika maji, haikai katika mafuta, na hupita katika damu bila kujilimbikiza kwa urahisi. Dume ambaye SULT2A1 yake ni dhaifu hutoa androstenoni iliyo huru, na iliyo huru ndiyo inayokimbilia mafuta. Sehemu yake huenda pia kwenye tezi za mate, ambako protini maalumu huishika na kuitoa pamoja na povu analolitoa dume anapolikaribia jike. Jike aliye katika kipindi cha kupata mimba akiivuta harufu ile husimama tuli ili apandwe. Katika maisha ya nguruwe androstenoni ni ujumbe wenye maana kamili, na uteuzi wa asili haukuwa na sababu ya kuipunguza.

Utumbo na skatoli

Skatoli haitoki kwenye korodani hata kidogo. Hutengenezwa na bakteria wa utumbo mpana wanapoivunja triptofani, ambayo ni asidi amino. Triptofani hiyo hutoka kwenye chakula ambacho hakikumeng'enywa, na kwa sehemu kubwa hutoka kwenye seli za utumbo wenyewe zinazokufa na kumwagika ndani. Ndiyo maana lishe huathiri kiwango chake: wanga mbichi wa viazi huongeza asidi ya butiriki katika utumbo na kupunguza vifo vya seli hizo, na mizizi ya chikori yenye inulini hupunguza skatoli kwa kubadilisha kazi ya bakteria. Banda chafu nalo huongeza tatizo, kwa sababu nguruwe anayelala kwenye kinyesi na mkojo wakati wa joto huipokea skatoli kwa njia ya ngozi na mapafu.

Mpaka hapa Denmark ilikuwa na hoja nzuri. Skatoli hunuswa na karibu kila mtu, hupimika haraka katika mstari wa uchinjaji, na mfugaji anaweza kuipunguza kwa usafi na lishe. Lakini nguruwe jike ana utumbo ule ule, bakteria wale wale na chakula kile kile, na dume aliyehasiwa vivyo hivyo, na bado mafuta ya hao wawili huwa na skatoli kidogo. Kama chanzo ni utumbo peke yake, kwa nini skatoli irundikane hasa kwa dume asiyehasiwa, tena anapokaribia kubalehe?

Ini, mahali zinapokutana

Damu inayotoka utumboni hupita kwenye ini kabla ya kuufikia mwili wote. Kwa jike na kwa dume aliyehasiwa, sehemu kubwa mno ya skatoli huishia hapo. Vimeng'enya viwili hubeba mzigo mkubwa wa hatua ya kwanza, CYP2E1 na CYP2A, kwa kuiongezea skatoli oksijeni. Kisha vimeng'enya vya hatua ya pili, kama SULT1A1, huyafungia mazao yake salfeti au asidi ya glukuroniki ili yatoke kwa mkojo. Kazi hii ikienda vizuri, skatoli inayobaki ya kufikia mafuta huwa ndogo.

Katika ini la dume asiyehasiwa, utendaji wa CYP2E1 na CYP2A huwa chini. Mwaka 2002 Doran na wenzake huko Uingereza walichukua seli za ini la nguruwe na kuzikuza katika maabara. Walipoziwekea skatoli, seli ziliitikia kwa kuongeza CYP2E1, kama ini lenye afya linavyopaswa kufanya mzigo unapoongezeka. Walipoziwekea androstenoni pamoja nayo, itikio hilo lilizimwa. Utafiti uliofuata mwaka 2004 ulikwenda mpaka kwenye sehemu ya DNA inayoiwasha jeni hiyo: protini mbili za kuwashia, HNF-1 na COUP-TF1, huiamsha CYP2E1, na androstenoni huuzuia mwamko huo.

Tuutazame mnyama mmoja kwa mfuatano. Dume anabalehe, seli za Leydig zinaanza kumimina androstenoni, androstenoni inafika kwenye ini, ini linaisoma jeni ya CYP2E1 kwa uchache, skatoli iliyokuwa ikivunjwa jana inapita leo bila kuguswa na kwenda kulala kwenye mafuta ya mgongoni. Utumbo haukubadilika wala chakula hakikubadilika. Kilichobadilika ni amri iliyopelekwa kwenye ini. Androstenoni haifanyi kazi hiyo peke yake, kwani korodani za nguruwe hutoa estrojeni nyingi kuliko za wanyama wengi wa kufugwa, na homoni hizo nazo zimehusishwa na kushuka kwa vimeng'enya vya ini. Lakini mwelekeo ni ule ule: korodani ndizo zinazoliamuru ini lilegee.

Ini lina kazi yake pia juu ya androstenoni yenyewe. Kimeng'enya cha 3β-HSD huigeuza kuwa androstenoli, ambayo baadaye hufungwa na kutolewa. Nguruwe wa koo ya Meishan kutoka China, wanaobalehe mapema na kujulikana kwa androstenoni nyingi, wameonekana kuwa na kimeng'enya hiki kwa uchache kwenye ini wakilinganishwa na wale wa koo ya Large White. Basi mafuta yanaweza kujaa androstenoni kwa sababu korodani zinatengeneza nyingi, au kwa sababu ini linaitoa polepole, au kwa yote mawili, na kipimo cha mafuta peke yake hakiwezi kumwambia mtu ni lipi kati ya hayo.

Vipimo viwili vikiangaliwa tena

Tukiwa na picha hiyo, mgogoro unaeleweka. Viwango vya kemikali hizi mbili katika mafuta hupanda na kushuka pamoja kwa kiasi fulani, kwa sababu ya kile kinachotokea kwenye ini, lakini uhusiano huo si mkubwa kiasi cha kufanya kimoja kiwe shahidi wa kingine. Dume wa koo yenye CYB5A nyingi, aliyelishwa vizuri na kulala pakavu, anaweza kuwa na androstenoni juu ya kiwango cha Wajerumani huku skatoli yake ikiwa chini, kwa sababu utumbo wake haukupeleka nyingi ya kuvunjwa. Huyo alipita Denmark na kukataliwa Ujerumani. Mwingine anayeanza tu kubalehe, mwenye androstenoni ya wastani lakini aliyelala kwenye uchafu katika wiki ya mwisho kabla ya kuchinjwa, anaweza kuwa na skatoli nyingi na kupita kipimo cha Ujerumani bila tatizo, ingawa nyama yake ndiyo ambayo watu wengi zaidi wangeilalamikia.

Watu wengi zaidi, nasema, kwa sababu pua za binadamu nazo hazifanani. Baadhi ya watu hawainusi androstenoni kabisa, wengine huiona tamu kidogo, na wengine hawawezi kuivumilia. Mwaka 2007 ilibainika kwamba tofauti katika jeni ya kipokezi kimoja cha harufu, OR7D4, hueleza sehemu ya jambo hilo. Kiwango cha maikrogramu 0.5 kiliwalinda walaji wenye pua kali na kukataa nyama nyingi ambayo wengine wasingeona kasoro yoyote. Kiwango cha skatoli kiliwalinda wengi na kuwaacha wale wachache. Huo ni uchaguzi wa kisera, nao ulistahili kujadiliwa waziwazi ukiwa hivyo, badala ya kuvalishwa joho la swali la maabara. Hapo ndipo ninapoulaumu upande wa Ujerumani zaidi, kwa kuwa ulitangaza nambari ya kemikali moja kana kwamba ndiyo tafsiri ya maneno “harufu kali” yaliyomo kwenye agizo. Denmark nayo siiondolei lawama yote, kwani ilijua kwamba androstenoni haikuwamo kwenye mitambo yake.

Mahakama ilieleza kwamba ukaguzi hufanyika nchi ya asili, na kwamba nchi inayopokea inabaki na ruhusa ya ukaguzi wa sampuli usio na ubaguzi. Ujerumani haikuwa na haki ya kudai kipimo chake kitumike kwa kila mzoga. Lakini soko halifuati hukumu kama mpaka unavyofuata. Wanunuzi wa Kijerumani walikuwa wamekwisha kuiogopa nyama ya madume, na ufugaji wa madume wasiohasiwa nchini Denmark ukapungua sana, wafugaji wakarudi kwenye wembe wa kuhasi.

Gharama ya wembe

Sheria ya Ulaya iliruhusu nguruwe dume kuhasiwa bila ganzi kabla ya kumaliza siku saba za maisha. Mtoto wa nguruwe anashikwa miguu ya nyuma, anapasuliwa, korodani zinatolewa, na anarudishwa kwa mama yake. Kufanya hivyo kwa mamilioni ya wanyama ili kuzuia harufu ambayo wachache tu miongoni mwao wangekuwa nayo ni jambo linaloniumiza, na ni jambo linaloonyesha thamani ya kuielewa njia ya homoni hizi mpaka kwenye jeni. Kuhasi huondoa androstenoni kwa kuondoa kiwanda chake, na huondoa skatoli kwa kuliachia ini huru. Pia huondoa androjeni zinazompa dume uwezo wa kujenga nyama kavu kwa chakula kidogo.

Chanjo dhidi ya GnRH, homoni ya ubongo inayoanzisha amri ya kuziamsha korodani, iliyoidhinishwa katika Umoja wa Ulaya mwaka 2009, huthibitisha mfuatano niliouandika hapo juu. Hutolewa mara mbili, zikipita angalau wiki nne katikati. Baada ya dozi ya pili kingamwili huizuia GnRH isifike kwenye tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, amri ya kwenda kwenye korodani inakatika, androstenoni inashuka, na utendaji wa vimeng'enya vya ini vinavyovunja skatoli unapanda. Chanjo haikugusa utumbo wala ini, na bado skatoli kwenye mafuta hupungua.

Njia ya uzalishaji teule ni ngumu zaidi kuliko inavyoonekana. Androstenoni hurithiwa kwa nguvu, kiwango chake cha urithi kikikadiriwa kuwa takribani 0.5 au zaidi katika tafiti nyingi, kwa hiyo kuchagua madume wenye kidogo huleta matokeo katika vizazi vichache. Lakini CYP17A1 ni kimeng'enya cha njia zote mbili, na madume wenye androstenoni kidogo mara nyingi huwa na testosteroni na estrojeni kidogo pia. Mfugaji anayechagua kwa kipimo cha mafuta pekee anaweza kujikuta na koo inayochelewa kubalehe. Ni salama zaidi kulenga jeni zinazoigusa androstenoni bila kugusa testosteroni, kama CYB5A, au zile zinazofunga na kutoa, kama SULT2A1 na 3β-HSD ya ini. Kwa skatoli, koo zenye CYP2E1 na CYP2A imara zina faida ambayo usafi wa banda hauwezi kuifidia kikamilifu.

Mwaka 2010 wadau wa sekta hii huko Brussels walitia saini azimio la hiari la kuacha kuhasi kwa upasuaji ifikapo tarehe 1 Januari 2018, na tarehe hiyo ikapita huku nchi nyingi zikiendelea. Ujerumani, iliyokuwa imeweka kiwango kikali kuliko wengine, ilipiga marufuku kuhasi bila ganzi kuanzia tarehe 1 Januari 2021. Sheria za ukaguzi wa nyama zilizorithi agizo la zamani bado zinasema kwamba nyama yenye harufu kali ya kijinsia haifai kuliwa, na bado hazitaji kemikali wala tarakimu. Katika machinjio yanayopokea madume wasiohasiwa, mkaguzi aliyefunzwa hugusisha chuma cha moto kwenye mafuta ya shingo kwa sekunde chache, huinama, hunusa moshi, kisha huuruhusu mzoga au kuuweka kando. Pua yake huzinusa androstenoni na skatoli kwa pamoja, jambo ambalo hakuna mtambo hata mmoja kati ya ile iliyobishaniwa uliolifanya, ila haiwezi kumwambia mfugaji kama arekebishe banda, chakula au dume wa mbegu. Jibu hilo hupatikana tu kwa kupima kemikali zote mbili kwenye mafuta na kuziangalia jeni za korodani na za ini katika ukoo uliomtoa mnyama huyo.